Diski za Breki za Bei Rahisi: Ni Akiba au ni Hasara?

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Zile diski za breki nilizinunua mimi. Hakuzinunua mwanangu anayeendesha gari, wala fundi hakunishauri. Mimi ndiye mshika mfuko wa nyumba yetu, na siku ile nilitoka dukani nikiwa na furaha, maana nilikuwa nimeokoa zaidi ya nusu ya fedha niliyoitenga. Fedha iliyobaki niliipeleka kwenye ada ya binti yetu.

Familia yetu inakaa Mwaya, wilayani Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Tunalima mpunga na kokoa kidogo, tena tuna gari aina ya Noah linalobeba abiria na mizigo. Asubuhi gari hupanda kwenda Tukuyu likiwa na mchele, mawese na samaki. Jioni hushuka na ndizi, viazi na watu wanaorudi nyumbani. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba kupanda ni kazi ya injini, lakini kushuka ni kazi ya breki.

Miezi minne baada ya kufunga zile diski, gari lilikuwa linashuka jioni likiwa limejaa. Usukani ulikuwa umeanza kutetemeka tangu wiki za mwanzo, nasi tukapuuza. Siku hiyo abiria walisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha mwanangu akakanyaga breki, pedeli ikazama hadi chini kama mguu unaozama kwenye tope la jaruba. Akakanyaga tena na tena. Kwa neema ya Mungu aliwahi kushusha gia, akavuta breki ya mkono na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Kioo cha pembeni kilivunjika na ubavu ukakwaruzika. Hakuna aliyeumia. Lakini ndani alikuwamo mama mmoja wa kwaya yetu, akiwa amempakata mtoto wake wa miezi mitano.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza: je, kila kitu cha bei rahisi ni kibaya? Na kama si kibaya, mtu kama mimi, asiyejua hata spana, angewezaje kukitambua kilicho kizuri? Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma, na nimekaa gereji saa nyingi kuliko nilivyowahi kukaa saluni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Je, haya ni mambo ya wanaume?

Wapo watakaosema kwamba breki si habari ya gazeti la akina mama. Hao nitawasimulia habari za Bertha Benz. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, huko Ujerumani, mama huyu alichukua gari lililobuniwa na mumewe, Carl, akaondoka na wanawe wawili, Eugen na Richard, kutoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 100, wakati ambapo hakuna aliyewahi kusafiri umbali kama huo kwa gari la injini ya petroli. Njiani, kwenye miteremko, breki za mbao zikawa zinalika. Basi akamwendea fundi viatu, akamwagiza azigongomee vipande vya ngozi. Ngozi ile ya kiatu ndiyo bibi wa pedi za breki tunazonunua leo.

Kwa hiyo tangu mwanzo wa magari mwanamke aliyekuwa na watoto wake ndani ya gari ndiye aliyetambua kwamba kwenda si kazi. Kazi ni kusimama. Katika nyumba nyingi siku hizi fedha ya spea inatoka mikononi mwetu. Anayetoa fedha hana budi kujua ananunua nini.

Diski ni nini?

Ukichungulia nyuma ya rimu ya tairi la mbele la gari dogo, utaona sahani ya chuma inayong'aa. Hiyo ndiyo diski. Inazunguka pamoja na tairi. Dereva anapokanyaga pedeli, mafuta ya breki husukumwa kwenye mipira na mabomba membamba hadi kwenye kishikio ambacho mafundi huita kalipa. Kalipa huzibana pedi mbili juu ya diski, moja kila upande, na diski hupunguza mwendo. Magari mengi ya aina ya letu yana diski mbele na dramu nyuma. Gari linaposhikwa breki uzito wake huinamia mbele, hivyo breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi.

Diski hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zile za mbele kwa kawaida si kipande kimoja kitupu: ni sahani mbili zilizounganishwa na vipande vidogo vya chuma katikati, ili upepo upite na kuzipooza. Kazi ya diski ni mbili. Ya kwanza ni kuwapa pedi mahali pa kubana. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kupokea joto, kulihifadhi kwa muda, na kulitoa nje.

Ndoo tatu za maji yanayochemka

Joto hilo ni kiasi gani? Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko chini kidogo ya mita 500. Maana yake mtu anayetoka Tukuyu kurudi Mwaya anashuka kama mita 1,000 kwenda chini, mbali na urefu wa barabara yenyewe.

Chukua gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili, pamoja na abiria na mizigo. Kama gari hilo lingeshushwa umbali huo kwa breki peke yake, bila msaada wa injini wala upepo, joto ambalo breki zingelibeba lingetosha kuchemsha ndoo tatu za maji za lita 20, kutoka kwenye baridi mpaka kutokota. Wewe mama unayepika kwa kuni, unajua kuchemsha ndoo tatu ni mzigo gani wa kuni. Sasa moto wote huo uweke kwenye sahani mbili za chuma na dramu mbili, chini ya miguu ya watoto wako.

Ndipo nilipoelewa kwa nini uzito wa diski ni jambo kubwa. Sufuria nyembamba huunguza wali, sufuria nzito huhimili moto. Diski nyembamba au nyepesi hupata joto kali upesi. Joto hilo hupita kwenye pedi, kisha kwenye kalipa, kisha kwenye mafuta ya breki. Pedi zikizidiwa na joto hupoteza mshiko: pedeli inabaki ngumu lakini gari halisimami. Mafuta yakichemka, mvuke huingia ndani ya mabomba. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Hapo pedeli inazama hadi chini, kama ilivyomtokea mwanangu.

Tulichokikuta gereji

Fundi alipofungua matairi alikuta diski zangu za miezi minne zina madoa ya rangi ya buluu na nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu. Akatoa chini ya benchi diski ya zamani iliyokuja na gari kutoka Japani, ambayo ilikuwa imeshalika. Tukaagiza mizani ya duka la mchele la jirani. Ile ya zamani, pamoja na kulika kwake, ilizidi ile yangu kwa karibu nusu kilo. Sahani mbili za diski yangu zilikuwa nyembamba, na vile vipande vya katikati vilikuwa vichache.

Lakini fundi huyo ni mtu wa haki, hakuacha nitupie diski mzigo wote. "Mama," alisema, "hapa makosa ni manne." Diski zilikuwa dhaifu. Pedi nazo zilikuwa za bei ya chini kabisa, zinamegeka kama mkate mkavu. Mafuta ya breki yalikuwa meusi, hayajabadilishwa tangu tulipolinunua gari. Na mwanangu alikuwa akishuka na gia ya D, mguu ukiwa juu ya breki njia nzima. Mwanangu akainamisha kichwa. Mimi pia.

Naliandika hili ili msomaji asije akadhani kwamba diski ya gharama peke yake ni wokovu. Diski nzuri ikifungwa pamoja na pedi mbovu na mafuta mabovu, gari halisimami. Ni afadhali diski ya kawaida iliyopimwa, yenye pedi nzuri na mafuta mapya, kuliko diski ya fahari iliyozungukwa na vitu vya ovyo.

Aina nne utakazozikuta

Madukani utakuta aina nne za diski, na si haki kuziweka zote katika kapu moja.

Aina ya kwanza ni ile ya kampuni iliyotengeneza gari lenyewe. Hii huwa ya bei ya juu, na aghalabu ni nzuri, mradi iwe ya kweli. Maboksi yenye jina la kampuni kubwa ndiyo hayo hayo yanayoigizwa na watu wa feki.

Aina ya pili ni ya viwanda vingine vinavyojulikana, ambavyo hutengeneza spea za magari ya kila aina. Hizi huwa na bei ya kati, na mara nyingi hazipungukiwi na kitu. Diski ni kitu sahili: chuma kizuri, unene sahihi, uso ulionyooka. Hakuna sababu ya familia kulipia nembo ya gari. Wala huna haja ya zile zenye matundu na michirizi ya kupendeza macho. Kwa gari la kubeba abiria na ndizi, diski ya kawaida isiyo na matundu inatosha kabisa.

Aina ya tatu ni mtumba, yaani diski iliyotoka kwenye gari lingine. Hii nayo si ya kudharauliwa. Diski ya mtumba iliyotoka kiwandani ikiwa nzuri, na ambayo bado ina unene wa kutosha, yaweza kukufaa kuliko mpya isiyo na asili. Kasoro yake ni kwamba huijui historia yake: huenda ilishaungua mahali. Ikiwa na nyufa au madoa ya buluu, irudishe.

Aina ya nne ndiyo niliyoinunua mimi. Haina jina la kiwanda, haina namba, haina alama ya unene. Boksi ni zuri, chuma hakijulikani. Hii ndiyo bei rahisi inayotuumiza.

Vipimo sita kabla ya kutoa fedha

Wakisi wa Ikombe wanapoleta vyungu vyao Matema, hakuna mama anayenunua chungu bila kukigonga kwa kidole na kusikiliza. Tukiwa makini hivyo kwa chungu cha maharage, tusiwe wazembe kwa breki. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa:

1. Soma maandishi. Diski nzuri huwa imechapwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi kwenye ukingo au katikati, unene wa chini unaoruhusiwa. Hutanguliwa na herufi MIN au MIN TH, kisha namba ya milimita. Ikilika hadi hapo, ni ya kutupwa. Diski isiyo na maandishi yoyote inakuambia kwamba aliyeitengeneza hataki kujulikana. Kwa nchi za Ulaya ipo kanuni ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R90, inayodai spea za breki zijaribiwe kabla ya kuuzwa. Spea iliyofaulu huwekwa alama ya herufi E ndani ya duara. Ukiiona alama hiyo kwenye chuma, si kwenye boksi tu, ni ishara njema, ingawa alama nayo huigizwa.

2. Ipime kwenye mizani. Nenda na diski yako ya zamani. Diski mpya ya gari lile lile haipaswi kuwa nyepesi kuliko ile iliyolika. Mizani ya mchele inatosha, na mwenye duka mwaminifu hatakukatalia.

3. Chungulia katikati. Linganisha vile vipande vilivyo kati ya sahani mbili. Viwe vingi kama vya zamani, na sahani zote mbili ziwe na unene sawa pande zote.

4. Igonge. Ining'inize kwa kidole au kamba, uigonge taratibu kwa spana. Isiyo na ufa hulia kama kengele. Yenye ufa hulia butu. Kipimo hiki hukuonyesha ufa tu, hakikuhakikishii ubora wa chuma. Ndiyo maana hakitoshi peke yake.

5. Linganisha umbo. Nenda na namba ya chesisi ya gari lako, maana magari yenye jina moja huweza kuwa na diski za ukubwa tofauti. Matundu ya boliti yakae sawasawa bila kuchongwa. Fundi akikuambia "tutalichonga kidogo liingie", funga mkoba wako.

6. Dai risiti yenye jina la bidhaa. Muuzaji anayejua anauza feki hapendi kuandika. Ukiuziwa bidhaa bandia, risiti ndiyo itakayokusaidia unapolalamika kwa Tume ya Ushindani, yaani FCC, ambayo ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia hapa nchini.

Na wewe ndugu muuzaji unayesoma gazeti hili, kumbuka kwamba Torati ilikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Boksi la jina kubwa lenye diski isiyo na jina ni jiwe la pili.

Kufunga nako ni nusu ya kazi

Nilidhani usukani hutetemeka kwa sababu diski imepinda kwa joto. Fundi alinieleza kwamba mara nyingi haijapinda hata kidogo. Inakuwa imelika bila usawa, au masalia ya pedi yameganda mahali pamoja, au ilifungwa juu ya kutu. Tofauti ya unene isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita yatosha kutetemesha usukani. Kwa hiyo hata diski nzuri inaweza kuharibiwa na fundi mwenye haraka.

Simama hapo uangalie. Kabla ya kuweka diski, kitovu cha tairi kisuguliwe kwa brashi ya waya au msasa mpaka kutu yote itoke. Huku kwetu mvua za masika ni nyingi, na kutu haikosi. Diski mpya ioshwe mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani. Diski zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, na pedi mpya ziwekwe wakati huo huo. Nati za tairi zikazwe kwa kuruka, moja huku na nyingine upande wa pili, si kwa kuzunguka. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa sababu pedi nyingine zina madini ya asibesto yanayoharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali.

Baada ya hapo dereva aendeshe kwa upole kilomita mia mbili hivi za mwanzo, akishika breki taratibu bila kuzikaba, ili pedi na diski zizoeane. Gari la abiria lisipelekwe mlimani siku hiyo hiyo.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa. Yale yanayoitwa DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Kwa hali ya hewa yetu ya Kyela, chupa iliyoachwa wazi dukani si mali tena.

Hesabu ya kweli

Sasa tufanye hesabu, kama tunavyofanya katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Namba hizi ni za mfano tu, si bei za duka lolote. Tuseme diski mbili za rahisi ni shilingi 70,000, na mbili za bei ya kati ni shilingi 160,000. Ukitazama siku moja, umeokoa shilingi 90,000.

Lakini kama zile za rahisi zinakaa miezi minne, kwa miaka miwili utanunua mara sita, yaani shilingi 420,000, na kila mara utamlipa fundi na gari litalala bila kazi. Zile za shilingi 160,000 zikikaa miaka hiyo miwili, zimekuokolea 260,000 bila kuhesabu ufundi. Kwa upande mwingine tuwe wa haki: zile za rahisi zikikaa mwaka mzima, utatumia 140,000 tu, na hapo rahisi imeshinda. Kwa hiyo bei peke yake haisemi kweli. Kinachosema kweli ni muda ambao chuma kitadumu, na hicho hukijui kama hukukipima.

Ipo pia tofauti ya kazi. Mtu mwenye gari lake dogo, anayezunguka Kyela mjini na kwenda ibadani Jumapili kwenye ardhi tambarare, breki zake hupata joto dogo. Akipata diski ya bei nafuu iliyofaulu vipimo vile sita, ainunue kwa amani. Lakini anayebeba watu na mizigo kwenye mteremko wa Tukuyu hana uhuru huo. Huyo anunue ya kiwanda kinachojulikana, mpya au mtumba iliyopimwa. Kama fedha haitoshi, gari lisubiri. Wakazi wa mkoa wa Mbeya hatujasahau mwaka 2018, pale mteremko wa Iwambi karibu na Mbalizi, lori lilipowakumba watu waliokuwa katika daladala, na nyumba nyingi zikajaa kilio. Mlima haujui kwamba ulikuwa unatafuta ada.

Dereva ni sehemu ya breki

Naomba kila mama mwenye mume au mwana anayeendesha amkumbushe haya. Gia ya kushukia ni ile ambayo ungepandia. Kwa gari la automatiki, toka kwenye D uingie 2 au L kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati ya hatari. Breki ikanyagwe kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo, kisha iachiwe ipoe. Usiuache mguu juu yake njia nzima. Kamwe usizime injini wala kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa salama upumzike. Na usimwagie maji diski yenye moto, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka.

Usukani ukitetemeka unaposhika breki, au ukisikia mlio wa chuma kwa chuma, au pedeli ikawa laini, gari linaomba msaada. Sisi liliomba kwa miezi mitatu.

Ukuta juu ya dari

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yapo maagizo ambayo zamani niliyasoma harakaharaka na kupita. Mtu akijenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari lake, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati ule zilikuwa na dari tambarare ambapo watu walikaa na kulala. Mwenye nyumba angeweza kusema, "Kila mtu aangalie hatua zake." Mungu hakukubali neno hilo. Aliyemkaribisha mtu juu ya dari lake anawajibika kwa usalama wake.

Mwenye gari la abiria amewakaribisha watu juu ya dari lake. Abiria hawezi kuinama kutazama diski. Anatoa nauli, anampakata mtoto, anaamini. Fedha niliyookoa siku ile haikuwa yangu yote. Sehemu yake ilikuwa ya yule mama wa kwaya, na hakuniruhusu kuichukua.

Nilikwenda nyumbani kwake nikamweleza yote: kwamba nilichagua diski ya rahisi, na kwamba tuliuona usukani ukitetemeka tukanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu akimnyonyesha mtoto. Kisha akasema, "Ndaga, mama, kwa kuniambia." Hakusema zaidi, wala hakupanda gari letu kwa majuma kadhaa. Sikumlaumu.

Gari tuliliegesha siku kumi na nane. Tuliuza magunia mawili ya mchele mapema kuliko tulivyotaka, kwa bei isiyopendeza. Ada ya binti yetu tuliomba kuilipa kwa mafungu mawili, na shule ikakubali. Tulinunua diski za kiwanda kinachojulikana, zenye maandishi yake, nikazipima mwenyewe kwenye mizani mbele ya muuzaji, watu wakicheka. Wacheke.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimesimama kituoni na mwanangu. Yule mama akaja, kikapu mkononi, mtoto mgongoni. Akasimama karibu na mlango wa gari, akaniangalia.

"Mama, breki mmepima?"

"Tumepima, mwanangu."

Akampa mwanangu kikapu, akapanda.